Mvivu ni Nani?



Nyuma ya kanisa letu, upande wa choo cha zamani, palikuwa na gogo la mgrevilea lililoangushwa na upepo miaka mingi iliyopita. Kila mwaka, katika mkutano wa wazee wa kanisa, gogo hilo lilitajwa chini ya "mengineyo", na kila mwaka likabaki pale pale. Mwaka jana hatimaye lilikatwa shauri kwamba lichomwe moto, kwa kuwa limejaa wadudu, na wadudu hao wangeweza kuhamia kwenye boriti za kanisa. Kazi ya kusimamia jambo hilo tulipewa sisi tuandikao haya, maana mwalimu mstaafu huhesabiwa na watu wote kuwa hana la kufanya.

Basi Jumamosi moja ya mwezi Julai, kabla jua halijawa kali, tulifika pale na watoto 12 wa shule ya Jumapili, shoka moja na jembe moja. Tuliona si vyema kulichoma gogo kabla ya kulifungua. Mtu akiisha kufundisha miaka 38, kila akionacho hukigeuza kuwa somo, na kwa tabia hiyo wajukuu wetu wamekwisha kutulalamikia mara nyingi.

Tulipobandua gamba la juu, walitimka chungu weusi kwa mamia, na wengi wao wameshika kinywani mtoto mweupe mfano wa punje ya mchele, wakitafuta mahali pa kumficha. Tulipopiga shoka mara ya pili na ya tatu, likafunguka tumbo la gogo, na humo mlikuwa na mji mwingine kabisa: vyumba na vichochoro vilivyosiribwa kwa udongo mwekundu, na mchwa weupe, laini, wakirudi nyuma kuukimbia mwanga. Kati ya miji hiyo miwili palikuwa na ukuta wa mti usiozidi unene wa kidole. Chungu ni adui wa mchwa tangu zamani, akipata tundu humla. Kumbe miaka yote hiyo, wakati sisi tukiimba na kuhubiri hatua chache kutoka pale, maadui hao walikuwa wakiishi ukuta kwa ukuta, na sisi tukikiita kitu hicho "gogo bovu".

Vurugu ilipotulia kidogo, msichana mmoja wa darasa la 3 aliinama, akatazama sana kwenye pembe moja ya gamba. Akauliza, "Mwalimu, mbona hawa wamesimama tu? Hawa ni wavivu?"

Wenzake walicheka sana, kwa maana mwezi ule ule tulikuwa tumewafundisha sura ya 6 ya kitabu cha Mithali, pale mvivu anapotumwa kwa chungu akajifunze hekima. Sisi hatukucheka. Swali lile lilitugusa penye kidonda cha miaka 40, nasi tutaeleza kwa nini.

Lakini kwanza tuseme neno juu ya mchwa, maana wengi huwachanganya na chungu. Chungu ni ndugu wa nyuki na nyigu, ilhali mchwa ni wa ukoo wa mende, ijapokuwa wote wawili hukaa kwa jamii kubwa. Katika kiota cha chungu watendakazi wote ni majike. Kwa mchwa, watendakazi ni majike na madume pamoja, na aghalabu hawana macho. Ngozi ya mchwa ni nyembamba hata akikaa juani na penye upepo hukauka upesi akafa, na ndiyo sababu kila aendako hujenga kwanza kichochoro cha udongo juu ya kichwa chake. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kwamba mchwa hujificha kwa sababu ni mwizi. La hasha. Hujificha kwa sababu hana ngozi ya kustahimili dunia ya nje. Wazee wa Kiiraqw nao zamani walichimbia nyumba zao kwenye miteremko, paa likawa sawa na ardhi, hata adui apitaye juu asijue kuwa kuna watu na ng'ombe chini ya miguu yake, wala hakuna aliyewaita wezi. Neno hili la ngozi nyembamba tungependa msomaji alishike, maana tutalirudia.

Aliyepita njia ya kuteremkia Mang'ola na Ziwa Eyasi atakuwa ameviona vichuguu vikubwa vya udongo mgumu kama saruji. Ndani ya vichuguu vya namna hiyo mchwa ni wakulima, tena waliuanza ukulima mamilioni ya miaka kabla yetu. Hukusanya majani makavu na vipande vya miti, hupitisha tumboni mara ya kwanza, kisha kwa kinyesi chake hujenga kitu mfano wa masega ya nyuki, na juu yake hukuza uyoga wa namna ya pekee. Uyoga ule huozesha ile sehemu ngumu ya mti ambayo mchwa mwenyewe hawezi kuisaga, na masega yakiisha kuiva, huyala. Mvua zikinyesha, uyoga huchomoza nje ya kichuguu, na akina mama wauchumao huutia chumvi na karanga pasipo kuuliza wamevuna shamba la nani. Malkia wao hutaga maelfu ya mayai kwa siku, lakini hatawali kitu. Amefungiwa chumbani, amenenepa hata hawezi kutembea, hulishwa na kusafishwa. Twamwita malkia kwa mazoea tu.

Hatusemi kwamba mchwa ni malaika. Mwaka 1996, tulipokuwa tukihama nyumba ya shule, tulifungua sanduku lenye maandalio yetu ya masomo tangu siku za chuo cha ualimu. Juu palikuwa na majalada mazuri yenye jina letu kwa wino wa bluu. Tulipoyainua hayakuwa na kitu ndani ila udongo. Mama watoto alicheka hata akakaa chini, akasema afadhali mchwa wameyasoma yote hadi mwisho, jambo ambalo hakuna mkaguzi aliyewahi kulifanya.

Hata hivyo, mchwa huyo huyo aliyekula sanduku ndiye afanyaye kazi ambayo sisi wakulima wa Karatu hatujui kuiwekea bei. Mwaka 2011 wataalamu wa Australia walichapisha habari za mashamba ya ngano katika nchi kavu ya magharibi mwa bara lile. Sehemu moja ya shamba waliwaachia chungu na mchwa, sehemu nyingine waliwafukuza kwa dawa. Sehemu iliyoachiwa wadudu ilitoa ngano zaidi kwa asilimia 36. Sababu yenyewe ni rahisi: vichochoro vyao huruhusu maji ya mvua kuzama ardhini badala ya kutiririka, na udongo hupata naitrojeni zaidi. Sisi tunaoona kila masika udongo wetu mwekundu ukishuka makorongoni twaweza kuelewa maana yake, na waliolima ngano Mbulumbulu wataelewa zaidi.

Sasa turudi kwa Sulemani na swali la yule mtoto.

Kuna wakati wataalamu wengi wa Ulaya walisema kwamba kitabu cha Mithali kimekosea. Chungu wa nchi zao za baridi hawaweki akiba ya nafaka, kwa hiyo walisema kwamba mwenye kuandika aliona chungu wakibeba watoto wao weupe, akadhani ni punje. Kisha Mwingereza mmoja, Moggridge, aliyekuwa akikaa Menton, kusini mwa Ufaransa, aliwafuata chungu wa huko mpaka nyumbani kwao, akachimba, akakuta ghala zilizojaa mbegu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873. Chungu wa namna hiyo wapo pia katika nchi za mashariki ya kati na katika mbuga zetu za Afrika. Kosa la wale wataalamu lilikuwa la namna moja tu, nalo ni kwamba walihukumu kwa yale waliyokuwa wameyaona mlangoni pao, wasichukue jembe.

Sisi tulikuwa na fahari sana na habari hiyo ya Moggridge, tukaisimulia darasani mara nyingi. Hatukujua kwamba sisi wenyewe ni wa kundi lile lingine.

Mwaka 2017 ilitoka habari nyingine, kutoka Chuo Kikuu cha Arizona huko Marekani. Wataalamu walichukua viota vya chungu wadogo waishio katika nyufa za miamba, wakamtia kila mmoja alama za rangi mwilini, wakawatazama kwa kamera siku nyingi. Waliona kwamba katika kila chungu 100, zaidi ya 40 walikuwa hawafanyi kazi yoyote ionekanayo. Walisimama tu. Basi hao wataalamu wakawaondoa wale wenye bidii kupita wote, kiasi cha mmoja katika kila watano. Katika muda wa juma moja hivi, baadhi ya wale waliokuwa wamesimama wakainuka, wakaishika kazi, na kiota kikaendelea kama kawaida. Kisha, katika jaribio jingine, wakawaondoa wale wasiofanya kazi. Hapo hakuna aliyeacha kazi yake ili akasimame badala yao. Maana yake ni kwamba wale waliosimama walikuwa akiba ya kiota. Kama kungekuwa na msimamizi wa zamu, bila shaka angewafukuza wiki ya kwanza, na msiba ukija, pasingekuwa na wa kuziba pengo.

Lakini msimamizi hayupo. Jambo hilo nalo limo katika sura ile ile ya Mithali: chungu hana mkubwa wala wa kumwamuru. Tumelisoma tangu utoto tukidhani maana yake ni kwamba chungu hufanya bidii pasipo kusukumwa. Siku hizi twadhani kuna maana nyingine pia. Katika mji wao hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuzunguka na kuwaandika wenzake majina.

Tena kuna kazi ambayo, ukiitazama, ni kukaa tu. Kwenye mbuga za udongo mweusi, kutoka Ngorongoro kwenda upande wa Serengeti, kuna mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi kwenye miiba yake. Vinundu hivyo vina vitundu, na upepo ukivuma hulia kama filimbi. Ndani yake hukaa chungu wadogo. Tembo akija kuuvunja mgunga ule, chungu hutoka kwa wingi na kumwingia ndani ya mkonga, naye tembo, pamoja na ukubwa wake wote, huenda zake. Huko Laikipia, nchini Kenya, waliingia chungu wageni wenye vichwa vikubwa, wakawaua chungu wa migunga. Tembo wakaivunja miti, mbuga ikawa wazi, na simba waliokuwa wakijificha miongoni mwa miti hiyo kumvizia pundamilia wakakosa pa kujificha, wakaanza kuua nyati zaidi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2024. Simba abadili chakula chake kwa sababu ya mdudu aliyekuwa akikaa kwenye kinundu! Na siku ambayo tembo hakupita, mdudu yule alikuwa amekaa, basi.

Mgunga una chungu wa kuulinda na tembo. Mahindi ya Karatu hayana, ila yana watoto.

Mwezi Mei mwaka 1985, Karatu ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Mbulu, tulikuwa na miaka michache tu tangu tutoke chuoni, tukifundisha darasa la 5 katika shule moja ya kijiji karibu na msitu. Palikuwa na mvulana aliyeketi karibu na dirisha. Kila siku, kabla somo la pili halijaisha, kichwa chake kilikuwa juu ya dawati. Tulimwonya, tukamsimamisha pembeni, naye akalala wima kama punda. Tulimchapa viboko, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, na hatusemi hivyo kwa kujitetea. Mwishowe tulimsomesha mbele ya darasa sura ya 6 ya Mithali, na tangu siku hiyo tukamwita "Bwana Chungu". Darasa zima lilifurahi. Mwalimu kijana hupenda sana darasa lake licheke, na twamwomba msomaji aliye mwalimu alifikirie jambo hilo peke yake.

Mwezi Juni tulikwenda vijijini kutafuta mahindi ya kununua. Tulielekezwa kwenye nyumba moja ya mama mwenye mahindi mazuri, mwendo wa kilomita 3 hivi kutoka shuleni. Alipotoka nje, nyuma yake alitoka Bwana Chungu. Mama alitupokea kwa heshima kubwa, akatuletea kigoda, akasema, "Mwalimu, mahindi haya ni ya huyu. Baba yake ni mgonjwa tangu Krismasi. Bila yeye nguruwe wangemaliza yote." Akatuonyesha kwa mkono. Kule ukingoni mwa shamba, palipopakana na msitu, palikuwa na dungu, na kwenye dungu palining'inia debe bovu na kipande cha chuma. Mtoto alikuwa akilala huko, au tuseme akikesha huko, tangu mahindi yalipoanza kubeba: nguruwe mwitu kila usiku, nyati mara kwa mara, na siku nyingine tembo. Alfajiri alishuka, akanywa uji, akaja kwetu kuchapwa.

Mama alitushukuru kwa kumfundisha mwanawe. Mtoto aliangalia chini. Hakuwa amemwambia mama yake habari za shuleni, kama ambavyo hakuwa ametuambia sisi habari za nyumbani. Hapa ndipo tunaporudia ile ngozi ya mchwa. Watu wengi hawafichi mambo yao kwa sababu ni maovu. Huyaficha kwa kuwa hawana ngozi ya kustahimili kutazamwa. Ugonjwa wa baba, umaskini, mtoto kufanya kazi ya mtu mzima, mambo hayo mtoto wa miaka 12 huyajengea kichochoro cha udongo, akapita chini yake kimya.

Nasi tulifanya nini? Tulinunua debe mbili za mahindi, tukalipa, tukaaga. Tulikula ugali ule mpaka mwezi Agosti. Viboko tuliviacha, na asubuhi tukamwacha alale. Lakini hatukumwomba radhi, kwa sababu katika siku zile hatukupata kusikia mwalimu akimwomba mtoto radhi. Jina nalo halikuondoka. Kumpa mtu jina ni kazi ya dakika moja, bali kulitoa katika vinywa vya watoto 45 hakuwezekani. Alimaliza darasa la 7 akiitwa Chungu.

Mzee mmoja wa kanisa, rafiki yetu, tulipomsimulia habari hizi alitupinga, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema, "Mwalimu, usije ukatuharibia vijana. Wavivu wapo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Ukisema kila aliyekaa ana kazi ya siri, hakuna atakayeshika jembe." Tulikubali kwamba wavivu wapo. Tumefanya kazi na baadhi yao, na asubuhi nyingine tumemwona mmoja kwenye kioo. Lakini tulimwomba mzee wetu alitazame tena neno la Paulo. Hakusema asiyefanya kazi, alisema asiyetaka. Jicho laweza kuona kwamba mtu amekaa. Kwamba amekataa, hilo jicho haliwezi kuliona, maana kukataa ni jambo la moyoni, na moyoni huingii kwa kusimama mbele ya darasa na chaki mkononi.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali gumu zaidi: "Basi mwalimu afanyeje? Awaache wote walale?" Hatukuwa na jibu la haraka, na hata sasa jibu tulilo nalo ni dogo. Mwalimu aulize, akitaka kujua. Kutoka shuleni mpaka kwenye lile dungu palikuwa na kilomita 3, na tangu Januari mpaka Juni hatukuwahi kuzitembea, ijapokuwa kila Jumamosi tulitembea zaidi ya hizo kwenda Karatu mjini kutafuta sukari na sabuni. Kama katika darasa lile alikuwamo mvivu, yaani mtu aliyekuwa na uwezo wa kuchukua mzigo wake asitake, alikuwa amevaa viatu.

Tena kuna jambo katika sura ile ya Mithali ambalo hatukuliona kwa miaka 30. Anayeambiwa aende kwa chungu ni mvivu mwenyewe. Ni yeye asemeshwaye, ana kwa ana, na ni yeye atakayetazama na kujipima. Hakuna mtu wa tatu. Hakuna palipoandikwa kwamba mwalimu achukue chungu akampige naye mtoto. Sisi tuliingia katika mazungumzo yasiyotuhusu, tukalifanya neno lile kuwa fimbo. Na chungu mwenyewe hana habari. Hana hiari ya kuwa mvivu wala ya kuwa na bidii, kwa hiyo hastahili sifa wala lawama kama mwanadamu. Anafaa kutazamwa tu, na kutazama nako ni kazi, tena ni kazi ambayo mtu aifanyapo huonekana amekaa bure.

Yule msichana tulimjibuje? Tulimwambia hatujui kama ni wavivu, lakini tuwatazame. Watoto wakachuchumaa. Wengine walichoka baada ya dakika tano wakaenda kucheza, lakini yeye na wenzake wawili walikaa kimya karibu nusu saa. Hakuna kilichotokea, isipokuwa chungu mmoja kati ya wale waliosimama alitembea kidogo, akakutana na mwenzake, wakagusana pembe, akarudi mahali pake. Msichana akasema, "Ameambiwa kitu."

Gogo halikuchomwa. Tulieleza mbele ya wazee wa kanisa kwamba hofu yao juu ya boriti ni ya haki, maana mchwa hatofautishi nyumba ya Bwana na sanduku la mwalimu. Kasisi akashauri livutwe mbali, na vijana wakalivuta kwa ng'ombe hadi mwisho wa kiwanja, penye lile korongo dogo, likalazwa kukingama maji. Msingi wa kanisa tuliufukua kidogo pande zote kutazama kama kuna vichochoro, tukakuta kimoja upande wa vestri, tukakiharibu na kutia dawa. Mzee wetu yule alisema huku si kusamehe mchwa. Tukamwambia hatukusema tumesamehe.

Mwezi uliofuata, Agosti, tulikwenda msibani Rhotia. Baada ya maziko, mtu mmoja mwenye mvi kidogo alitujia akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tuliitika marahaba, lakini hatukumtambua mpaka alipoinamisha kichwa. Siku hizi anaishi mbali na mtaa wetu, na alikuwa amekuja kumzika jamaa yake. Tulimwomba tusogee pembeni, nyuma ya banda la ng'ombe, na pale tukamwambia tulilopaswa kumwambia mwezi Juni mwaka 1985. Tulilisema vibaya, kwa maneno mengi mno, kama watu wasiozoea.

Alikaa kimya kwa muda, kisha akacheka, si sana. "Mwalimu," alisema, "viboko nilivisahau zamani. Mjomba naye alikuwa na vyake. Jina ndilo lilidumu. Nilihama nalo. Huko niliko wananiita Chungu mpaka leo, na wajukuu zangu hudhani babu yao ameitwa hivyo kwa kuwa haketi chini."

Tukamwuliza kama hajawahi kuwaeleza.

"Sijawaeleza. Waache wadhani hivyo hivyo."

Tulimwuliza kama twaweza kuandika habari hizi kwenye gazeti letu la kanisa. Akafikiri, akasema tuandike, ila tusitaje kijiji anachokaa. Wakati huo mtu akamwita kutoka jikoni, kuni zilikuwa zimekwisha na chakula cha wageni hakijaiva. Akavua koti, akatukabidhi tumshikie, akaenda kupasua kuni. Tukasimama nalo pale mpaka aliporudi.